Wodi Nzima Inapumua Kumi na Nane

Saa moja na robo asubuhi Rabab alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Hajati Fikriya, akijifanya anahesabu mapigo ya moyo. Mapigo alikwisha kuyahesabu. Alichokuwa akihesabu sasa ni pumzi, na pumzi huhesabiwa kwa kuibia, kwa sababu mgonjwa akijua unamtazama kifua huanza kupumua kwa adabu.

"Mbona unanitazama kama unanunua kondoo?" Hajati Fikriya aliuliza.

"Nyamaza kidogo, Hajati. Dakika moja tu."

"Ninyamaze, kwani nazungumza?" Alimeza mate, akavuta hewa. "Hata pumzi ya kuzungumza sina."

Alikuwa muuza jibini katika soko la Mit Shams, mwanamke mnene wa miaka sitini na ushee, aliyelazwa siku nne zilizopita kwa sukari iliyopanda. Siku ya kwanza aliigombeza wodi nzima kwa sababu ya dengu za hospitali, kwamba zimepikwa na mtu asiye na mama. Leo sahani ya ful, maharage ya asubuhi, ilikuwa pembeni yake haijaguswa, na mkate umekauka juu yake.

Thelathini na mbili. Mtu mzima aliyetulia hapiti ishirini. Rabab akarudia tena, dakika kamili, macho kwenye mshale wa saa yake. Thelathini na mbili. Akafungua daftari lake dogo la mfukoni: juzi ishirini na mbili, jana ishirini na sita. Kisha akainama kuitazama karatasi ya vipimo iliyoning'inizwa mwisho wa kitanda. Pumzi: kumi na nane. Juzi, kumi na nane. Usiku wa jana, kumi na nane.

Akachungulia karatasi ya kitanda cha jirani. Kumi na nane.

"Unatafuta nini?" Midhat alimsogelea, kijana mrefu wa darasa lake, mikono mifukoni. Wanafunzi walikuwa wanajinunulia glavu wenyewe, na tangu Idi boksi limepanda bei mara mbili, kwa hiyo Midhat hakugusa kitu mpaka alazimike. "Wodi nzima inapumua kumi na nane, hujui? Hata yule bibi aliyefariki Jumapili alikuwa kumi na nane mpaka saa ya mwisho."

"Hajati ana thelathini na mbili."

Midhat akaacha kucheka. "Umemwambia Sista?"

"Nilimwambia jana, ilipofika ishirini na sita. Alisema Hajati ana wasiwasi, anakumbuka jibini yake."

Sista Saniyya, mkuu wa wodi, hakuwa mtu mbaya. Zamani wodi hiyo ilikuwa na wauguzi kumi na mmoja. Saba walikwenda Ghuba, wawili wakajifungua, wakabaki wawili kwa wagonjwa arobaini na nne. Usiku anabaki mmoja. Mtu mmoja hawezi kuhesabu pumzi za watu arobaini na nne, lakini anaweza kuandika kumi na nane mara arobaini na nne katika robo saa, tena kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu Ibtisam alifika saa mbili kamili, anahema kidogo kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita na wodi ilikuwa ghorofa ya nne. Alikuwa mkufunzi wa wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu. Wao kwa wao walimwita Pasi, kwa jinsi koti lake lilivyonyooka na kwa jinsi alivyokupitia bila kukuachia hata kunjo moja. Hakuna aliyemzoea. Rabab ndiye aliyemwogopa zaidi, na alikuwa na sababu zake.

"Mwalimu, kitanda cha kumi na moja..." alianza.

"Subiri zamu yako. Tunaanza na cha kwanza."

Hawakufika hata cha tatu. Sista Saniyya alimvuta Mwalimu pembeni, karibu na dirisha, wakanong'ona. Simu ya Mwalimu ikalia; alikuwa mkuu wa chuo. Akaipokea huku amesimama wima kama askari. "Ndiyo, Profesa. Ndiyo. Naelewa, Profesa." Aliporudi uso wake ulikuwa umefungwa.

"Mazoezi ya leo yamebadilika," aliwaambia. "Kesho inakuja kamati ya ukaguzi. Karatasi za vipimo za wiki tatu zina mapengo, na nyingine zimechafuka. Mtakaa chumba cha mashuka mzijaze, mzinakili safi. Asubuhi wino wa bluu, usiku wino mwekundu."

"Tujaze na nini, Mwalimu?" Rabab aliuliza.

"Na vipimo vya kawaida."

Hakumtazama aliposema hivyo.

Chumba cha mashuka kilikuwa na meza moja na harufu ya dawa ya kufulia. Wanane walijibana, wakagawana kalamu. Mwanzoni kulikuwa na utani. Midhat alijiita waziri wa mapigo ya moyo, akawagawia wagonjwa presha kama anagawa mkate wa ruzuku: "Wewe mia na ishirini kwa themanini, wewe nawe hivyo hivyo, msisukumane." Wakacheka. Kisha wakachoka, na vicheko vikaisha, ikabaki sauti ya kalamu.

Karatasi ya Hajati Fikriya ilimwangukia Rabab. Alinakili jina, umri, namba ya kitanda. Alipofika kwenye safu ya pumzi ya leo asubuhi aliandika 32. Sista Saniyya, aliyekuwa akipita nyuma yao na mkasi wa kukatia karatasi, alisimama.

"Hii nini?"

"Nimehesabu, Sista. Mara mbili."

"Binti, karatasi yenye thelathini na mbili wataiuliza. Mliita daktari? Saa ngapi? Mkafanya nini? Una majibu? Mimi sina. Andika kumi na nane, halafu daktari akipita mchana tutamwambia kwa mdomo."

"Daktari anapita saa ngapi?"

"Akipita."

Rabab aliweka kalamu mezani. Haikuwa kwa kishindo. Aliiweka tu kama mtu aliyemaliza kula. "Siandiki."

Kalamu nyingine saba zikasimama. Sista Saniyya hakubishana naye. Alitoka, na baada ya dakika moja Mwalimu Ibtisam alikuwa mlangoni.

"Rabab. Nje."

Walisimama kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, mahali ambapo ndugu za wagonjwa huvutia sigara. Mwalimu alisubiri mzee mmoja apite na birika lake la chai.

"Unajua daftari lako la mazoezi linahitaji sahihi yangu?"

"Najua, Mwalimu."

"Bila sahihi hiyo unarudia mwaka. Unajua?"

"Najua."

"Na sahihi yangu mimi inahitaji ya nani, hilo unalijua? Mwaka wa nne huu namngoja Profesa Galal anipangie siku ya kutetea tasnifu yangu. Kila mwaka mkataba wangu anausaini yeye. Akichelewesha wiki moja, mimi si mwalimu tena. Leo asubuhi ameniambia karatasi ziwe tayari saa saba. Hakuniuliza naonaje."

Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho na mwanafunzi. Rabab aliona kwa mara ya kwanza kwamba ukosi wa lile koti lililonyooka ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa rangi tofauti kidogo.

"Mwalimu, naomba niseme neno. Ukikasirika, ukasirike baadaye."

"Sema."

"Mwaka wa kwanza, wiki ya pili, uliniuliza presha ya mgonjwa nikakujibu mia na thelathini kwa themanini. Ukanichukua mpaka kitandani, ukaniambia nipime mbele yako. Ilikuwa mia na tisini. Ukanitoa wodini mbele ya wote. Nililia kwenye basi mpaka nyumbani. Nikamwambia mama naacha chuo, kuna mwanamke pale ana roho ya chuma." Rabab alivuta pumzi. "Tangu siku ile sijaandika namba ambayo sikuipima. Hata moja. Ni wewe uliyenifunza. Sasa leo unaniambia nini?"

Chini, mtu alikuwa akigombana na mlinzi juu ya saa za kutazama wagonjwa.

"Unadhani sikumbuki?" Mwalimu Ibtisam alisema.

"Sikuombi unitetee kwa Profesa. Wala sikuombi sahihi. Nakuomba kitu kimoja: twende ukamhesabu mwenyewe. Ukipata kumi na nane, mimi nitaandika kumi na nane kwenye karatasi zote za wodi, za bluu na nyekundu."

Mwalimu akapanda ngazi, mbili mbili.

Alimhesabu Hajati Fikriya dakika nzima, akiwa ameshika kifundo cha mkono na kutazama pengine. Hajati hakuleta utani safari hii. Alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono magotini, midomo ikiwa na rangi ya majivu.

"Thelathini na nne," Mwalimu alisema. "Kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kiko wapi?"

"Wodi ina kimoja," Midhat alijibu kutoka nyuma. "Kipo kwenye droo ya Sista. Kimefungiwa kisipotee kabla ya kamati."

"Funguo?"

"Kaenda nazo ofisini kwa mganga mkuu."

Mwalimu alikwenda kwenye meza ya Sista, akaivuta droo mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kufuli dogo likang'oka na misumari yake. Wanafunzi walitazamana. Kidude kilipowekwa kidoleni kilisoma themanini na nne; mtu mzima wa afya hupita tisini na tano.

Mambo yakaenda mbio. Mwalimu alimpigia daktari wa zamu, na alipojibiwa kwamba anakuja alisema, "Usije baadaye. Njoo sasa, nakungoja kwenye simu." Oksijeni ya ukutani haikutoa hewa, ilikuwa imepakwa rangi mpya kwa ajili ya ukaguzi, na bomba lake halikuunganishwa na kitu. Rabab na Midhat wakashuka mpaka chini kuchukua mtungi, wakaupandisha ghorofa nne, Rabab akishika chini na Midhat shingoni, wakipumzika kila ghorofa, chuma kikiwachubua viganja. Ghorofa ya tatu mjomba mmoja mwenye kanzu aliacha chai yake akaupokea upande wa Rabab bila kuulizwa.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliitazama karatasi ya mwisho wa kitanda. "Hapa imeandikwa kumi na nane."

"Usiisome hiyo," Mwalimu alimwambia. "Soma hii." Akampa daftari dogo la Rabab.

Daktari akasoma ishirini na mbili, ishirini na sita, thelathini na mbili. Akaweka kipima kifua mgongoni mwa Hajati, upande wa kulia chini, akasikiliza kwa muda mrefu. "Nimonia," alisema. "Ana siku tatu nayo." Akaagiza picha ya kifua na dawa ya mshipa. Kabla ya kuondoka alimrudishia Rabab daftari lake. "Asante, Sista," alisema, ingawa aliona wazi kwamba ni mwanafunzi.

Hajati Fikriya, barakoa ya plastiki usoni, aliinua kidole akamwonyesha Rabab, kisha akafunga macho.

Mwalimu aliwaita wote wanane chumba cha mashuka. Alifunga mlango na kuuegemea.

"Asubuhi niliwaambia mfanye jambo ambalo sikupaswa kuwaambia," alisema. "Nilikosea. Anayetaka kwenda nyumbani aende, simwandiki chochote. Anayebaki, kazi ni hii: kila mmoja wagonjwa watano na nusu, mnagawana. Mnapima sasa, mnaandika saa ya sasa. Mapengo ya zamani mnayaacha mapengo. Pembeni mnaandika, haikupimwa."

"Kwa wino gani, Mwalimu?" Midhat aliuliza.

"Wowote ulio nao."

Mmoja aliondoka, baba yake alikuwa mtunza stoo wa hospitali hiyo, na hakuna aliyemlaumu. Saba wakatawanyika wodini. Ilichukua saa moja na nusu. Walipata homa ambayo haikujulikana, presha mbili za kutisha, na mwanamke mmoja ambaye kwa kweli alipumua kumi na nane. Midhat alitaka kumpongeza.

Profesa Galal alipanda mwenyewe saa saba. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyegombeza mtu mbele ya watu. Alipitia karatasi moja moja, akilamba kidole, na kila alipofika kwenye neno lile alitulia kidogo. Haikupimwa. Haikupimwa. Haikupimwa. Sista Saniyya alisimama kando yake, ameshika kufuli lililong'oka kama kielelezo mahakamani.

"Ukaguzi ni picha," Profesa alisema. "Kila nyumba inafagiwa kabla ya kupigwa picha. Hakuna dhambi hapo."

"Na Hajati Fikriya?" Rabab aliuliza.

"Nani?"

"Kitanda cha kumi na moja."

"Kitanda cha kumi na moja kinahudumiwa." Alizikusanya karatasi zote, akamkabidhi Sista. "Hizi ziandikwe upya. Makarani wawili watakuja kusaidia. Mwalimu Ibtisam, naona umechoka. Kuanzia kesho utakaa maktaba, kuna vitabu havijaorodheshwa. Na wewe, binti, daftari lako la mazoezi uliache hapa mpaka kamati ya nidhamu ikae."

"Itakaa lini, Profesa?"

"Utajulishwa."

Rabab alilitoa daftari kubwa la mazoezi na kuliweka juu ya meza. Lile dogo lilibaki mfukoni. Hakuna aliyeliuliza.

Masijala ya chuo ilikuwa ng'ambo ya barabara, chumba kirefu chenye kaunta na benchi. Rabab aliandika barua yake palepale kwenye benchi, juu ya goti, Midhat akimshikia karatasi isipeperushwe na feni. Alipoipeleka kaunta, karani aliisoma mistari miwili akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Malalamiko hayapokelewi leo."

"Kwa nini, mjomba?"

"Muhuri haupo."

"Si ule pale?"

"Ule ni wa barua zinazotoka."

"Wa zinazoingia uko wapi?"

"Kwa bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Kwenye maandalizi ya ukaguzi." Karani alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana kumhurumia. "Mwanangu, umesoma jina uliloandika humu? Huyu mtu ndiye anayewapa shahada. Nenda nyumbani, kula, lala. Kesho utaona haya mambo ni madogo."

"Nitangoja muhuri," Rabab alisema, akarudi kwenye benchi.

Saa saba na nusu walifika wengine, wawili, kisha watatu, na taamiya, bajia za maharage, katika mkate, zimefungwa kwenye gazeti. Walikula. Mafuta yalichuruzika na kila mmoja akawa mwangalifu asichafue barua. Karani aliwatazama, akatazama saa ya ukutani. Masijala hufungwa saa nane.

Saa nane kasoro dakika kumi Mwalimu Ibtisam aliingia kuchukua barua yake ya uhamisho. Ilikuwa tayari, ina muhuri. Kumbe muhuri wa zinazotoka ulikuwa unafanya kazi vizuri. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne. Alipogeuka akawaona.

"Mnafanya nini hapa?"

Rabab alisimama, akampa ile barua. Mwalimu akaketi katikati yao, akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti, na mabega ya wanafunzi saba yakakakamaa kwa mazoea.

"Hapa umeandika 'pumzi kama thelathini'. Ulihesabu au ulikisia?"

"Nilihesabu. Thelathini na mbili."

"Basi andika thelathini na mbili. Saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

"Haimo. Iandike." Kalamu ikashuka. "'Sista hakujali.' Umejuaje hakujali? Andika alichosema, kama alivyosema. Na uandike wodi ina wauguzi wangapi." Ikashuka tena, ikasimama mahali pamoja kwa muda. "Kuna kitu umekiruka. Saa mbili na nusu mimi niliwaambia mkajaze zile karatasi. Mbona hakimo?"

Rabab aliangalia sakafu. "Nilidhani..."

"Ulidhani unanisaidia."

"Watakufukuza kabisa, Mwalimu."

"Labda. Iandike. Jina langu kamili, wala usilikoseshe herufi."

Rabab aliandika. Alipomaliza, Mwalimu aliisoma barua yote upya tangu juu, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma kazi zao mwisho wa muhula. Hakusema ni nzuri. Alitia sahihi yake chini ya ya Rabab, akampa Midhat kalamu. Midhat akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na kuipitisha kwa aliye pembeni yake.

Karani alikwisha kuvaa koti. Alizima feni, akachukua funguo.

"Jamani, saa nane. Tunafunga."

"Funga, kaka," Mwalimu Ibtisam alimjibu, akasogea ili msichana wa mwisho apate nafasi ya kukaa. "Sisi tumo ndani."